TAHADHARI: Imeli za "wachapishaji" wa nje wanaosifia kitabu chako kisha wanaomba ada

Waandishi wenzangu, hasa mliokwisha kuweka vitabu Amazon au mnaotupia hadithi zenu Facebook na Wattpad, someni hii kabla hamjatuma hela popote.

Kuna imeli zinazunguka. Anayeandika anajitambulisha kuwa mhariri wa kampuni kubwa ya London au New York, au wakala wa waandishi (anayewatafutia wachapishaji), au msimamizi wa klabu ya wasomaji. Anakumwagia sifa kemkem. Anamtaja mhusika wako kwa jina, anasema ulivyoieleza bahari ya Pangani kumemliza. Mnaandikiana mara mbili tatu, anakuita "mwandishi wetu", halafu ndipo hela inatajwa: ada ya kusajili mswada, ya mwanasheria wa kupitia mkataba, ya kuwekewa kitabu kwenye maonyesho ya Frankfurt. Ukisema huna, bei inashuka. Ukisema bado huna, unaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Mchapishaji gani huyo wa kupatana naye bei kama wa Kariakoo?

Usitume hata senti. Mwandishi wa Marekani James D. Macdonald aliliweka hili katika kanuni ambayo wenzetu wa huko wanaiita Yog's Law: hela inatakiwa imfuate mwandishi. Wakala wa kweli anakata chake, kwa kawaida asilimia 15, baada ya kitabu kuuzwa. Ukiamua kujichapishia mwenyewe ni jambo jingine. Unamlipa mhariri, mchora jalada na mpiga chapa, na unajua unanunua nini. Wa kumkimbia ni yule anayesema amekuchagua wewe kati ya maelfu, halafu anakutoza kwa kuchaguliwa.

Msidhani hawa ni vijana wawili wenye laini za simu za kutupa. Waendesha mashtaka wa San Diego, Marekani, wamewashtaki watu 3 wanaohusishwa na PageTurner Press and Media ya Chula Vista, wakidai kwamba kati ya 2017 na 2024 waandishi zaidi ya 800, wengi wao wazee, walipigwa zaidi ya dola milioni 44. Waliambiwa wachapishaji wakubwa na Hollywood wanavitaka vitabu vyao, imebaki ada tu. Baadaye ikaja ada nyingine.

Sasa, anwani ya imeli. Hapa ndipo wengi wananaswa. Mwitaliano Filippo Bernardini, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya uchapishaji London, alikamatwa New York Januari 2022, na mwaka uliofuata akakiri kosa. Alikuwa amepata miswada zaidi ya 1,000 kwa kujifanya mhariri au wakala fulani, akitumia anwani bandia za mtandao (domain) zaidi ya 160. Mbinu yake mojawapo: penye herufi m aliweka r na n zikiwa zimebanana. Walionaswa ni watu wa fani hiyohiyo, wazoefu. Wewe unayesomea kwenye kioo cha simu usiku utaonaje? Kwa hiyo usimhakiki kwa kujibu imeli yenyewe. Ingia kwenye tovuti ya kampuni kwa kuandika jina lake mwenyewe, tafuta anwani iliyowekwa hapo, na uwaulize kama wana mtu huyo.

Jina lolote usilolijua, litafute pamoja na maneno Writer Beware. Ni ukurasa wa bure, upo tangu 1998, anauandikia Victoria Strauss, na umejaa majina ya kampuni feki pamoja na barua zao zenyewe. Mara nyingi utaikuta barua uliyotumiwa wewe, imebadilishwa jina la kitabu tu. Anayetafuta majarida ya kweli ya hadithi fupi aende The Submission Grinder, nayo ni bure. Inaonyesha nani analipa, kiasi gani, na kama wanapokea kazi kwa sasa. Na tuzo: ile ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola haina ada ya kushiriki, na inapokea hadithi za Kiswahili. Ukidaiwa "ada ya fomu" kwa jina lake, ni wizi.

Nina mtego wangu pia. Barua nyingi za sasa zinaandikwa na programu ya akili mnemba kutokana na muhtasari wa nyuma ya kitabu, hakuna aliyekisoma. Mjibu aliyekuandikia kwamba una wasiwasi ile sehemu ya shangazi na mbuzi ni ndefu mno. Kitabuni hamna shangazi, hamna mbuzi. Utasifiwa huyo mbuzi mpaka uone aibu.

Wa kazi za kuandika mtandaoni, kwa kifupi: akaunti ya Upwork (soko la mtandaoni la kazi hizo) haiuzwi. Ukiinunua Telegram, ikaguliwe kitambulisho, inafungwa, na hela zilizomo huzipati. Wala ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) si bahati ya kuuziwa na dalali. Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na maktaba ya taifa, na Amazon wanakupa ya bure kwa kitabu cha karatasi.

Kama umeshatuma, usikae kimya kwa aibu. Kenya, ujumbe wa muamala wa M-Pesa upeleke 456 mara moja. Tanzania, pigia mtandao wako wa simu wazuie, na namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe 15040. Ulilipa kwa kadi? Piga benki leo, usingoje Jumatatu. Halafu kaa ukijua atakuja wa pili, "wakili" au "afisa upelelezi", anayejua kiasi ulichopoteza hadi shilingi ya mwisho na anayeahidi kukurudishia kwa ada ndogo. Amezipata wapi taarifa hizo? Kwa yule wa kwanza.