Pleco: kamusi ya Kichina simuni, kwa kipimo cha neno 方便

Andika fang1bian4, namba zikiwa za toni (ya kwanza, kisha ya nne), na 方便 hutokea hapohapo, hata bila intaneti. Maana ya kwanza ni "rahisi, bila usumbufu". Usiishie hapo. 你什么时候方便? ni kuuliza una nafasi lini. 手头不方便 ni kwamba mfuko umetoboka. Na mtu akiinuka mezani akasema 我去方便一下, anakwenda haja. Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa tafsida hiyo, nasi husema "kujisaidia".

Uzuri wa Pleco uko kwenye orodha ya maneno yanayobeba neno hilo, mathalani 方便面, tambi za papo kwa papo. Ukigusa alama 便 peke yake utaona pia inasomeka pián, kama katika 便宜, "bei nafuu". Wanafunzi wengi huteleza hapa: wanasema biànyi badala ya piányi, muuzaji anabaki kuwatazama.

Kasoro kubwa ni kwamba maelezo ya kamusi ya msingi ni ya Kiingereza, Kiswahili hakimo. Kamusi hiyo ya msingi ni bure. Kusoma maandishi kwa kamera hulipiwa. Anza na ya bure, inatosha sana.