Tiketi halali, lango la Kasarani na goli lililotuletea Morocco

Nianze na hukumu, kwa kuwa hasira bado haijanitoka: huduma ya langoni niliyoipata kwenye uwanja wa Kasarani, Nairobi, wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, siku Kenya ilipocheza na Zambia, ni mbovu kuliko yoyote niliyowahi kuilipia kwa ajili ya mpira, na simshauri Mtanzania mwenzangu avuke mpaka wa Namanga kwa ajili yake. Kuhusu mpira wenyewe nitasema baadaye, maana hapo ndipo maneno yangu yatakapoanza kupingana.

Kununua tiketi hakukunisumbua. Nililipa kwa simu na tiketi ikaingia kwenye simu hiyo hiyo. Shirikisho la soka Afrika, CAF, baada ya watu kuvamia uwanja katika mechi ya Kenya na Morocco, ilikuwa imeshapunguza watazamaji wa Kasarani hadi 27,000 na kuagiza kwamba zikubaliwe tiketi za kielektroniki peke yake. Agizo hilo lilinifurahisha, kwa kuwa niliamini kwamba safari hii aliyelipa ataingia na asiyelipa atabaki nje.

Langoni, kijana aliyeshika kifaa cha kukagulia tiketi alikielekeza kwenye simu yangu, kikakwama. Alipojaribu tena kikatoa jibu kwamba tiketi imeshatumika. Imetumiwa na nani, ilhali mimi nimesimama mbele yake na aliyeikagua mara ya kwanza ni yeye mwenyewe? Nilimwambia kwa upole, "Samahani kaka, ni wewe uliyeiskani sasa hivi." Hakunitazama usoni. Aliitazama jezi yangu ya Taifa Stars, akacheka, akasema, "Toka kwa laini. Rudi Dar ukaangalie mpira kwenu."

Utani wa majirani naujua na ninaupenda. Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage mwaka 1926, Tanganyika na Zanzibar zikaingia baadaye, na tangu hapo hatujaacha kuchokozana. Mkenya akinitania mezani tukiwa tunakula nyama choma, nitamrudishia na riba juu. Lakini mtu aliyevaa kizibao cha kazi, mwenye uwezo wa kunifungulia au kunifungia lango, akitumia utani huo kuficha hitilafu ya kifaa chake, huo si utani tena, ni ufidhuli. Nilisogezwa kando kama mzigo usio na mwenyewe, nikabaki kwenye uzio nikisikia uwanja unanguruma, nami sijui ni shuti limegonga mwamba au ni kipa amedaka.

Aliyeniokoa alikuwa mama mmoja mtu mzima, msimamizi wa lango la pili, ambaye aliniambia tu, "Leta hiyo simu nione." Akauliza kwenye redio yake, akalinganisha saa, akaona kwamba tiketi ilisomwa pale pale langoni, akanipisha. Basi kazi yote ilikuwa hiyo! Ilihitaji subira kidogo na adabu kidogo, na yule kijana alikosa vyote viwili. Kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza, na nilipokaa nikaona safu za viti vitupu, ambavyo kwa mujibu wa agizo la CAF vilipaswa kuwa vitupu, jambo lililonichoma zaidi: walioruka ukuta katika mechi iliyopita ndio walioadhibiwa, lakini fimbo imemwangukia mwenye tiketi.

Kisha Ryan Ogam wa Kenya akafunga. Sina maelezo ya kiungwana kuhusu nilichofanya, ila nilijikuta nimesimama nikipiga kelele na Wakenya nisiowajua, mmoja wao akanivisha skafu yake juu ya jezi yangu, na kwa dakika hizo ningeweza kuipa siku nzima alama zote, pamoja na lango lake.

Hesabu ikaja baadaye kuniharibia. Goli hilo liliipeleka Kenya kileleni mwa Kundi A kwa pointi 10, Morocco ikabaki ya pili na pointi 9. Kama mechi ile ingeisha sare, Kenya ingekuwa ya pili kwa pointi 8, na robo fainali yake ingechezwa kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, dhidi yetu sisi tulioongoza Kundi B. Fikiria mechi hiyo! Badala yake tuliletewa Morocco, waliotufunga 1-0 na baadaye wakabeba kombe, na siku hiyo hiyo Kenya nao wakatolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti hapo hapo Kasarani. Sitaficha kwamba habari hiyo ya pili ilinipunguzia machungu, ingawa hilo halihusiani na ubora wa huduma.

Malalamiko yangu niliyaandika kwa waliouza tiketi, nikaeleza kila kitu. Jibu lililokuja lilinishukuru kwa kufurahia mchezo na kuniomba niitathmini programu yao. Nimeipa nyota moja. Yule mama wa lango la pili ningempa tano, lakini hakukuwa na nafasi ya kumtaja.

AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, wamepewa majirani watatu: Kenya, Uganda na sisi Tanzania. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeapa kwamba nitaangalia mechi za Dar tu. Sasa nasema hivi: Taifa Stars wakipangiwa Nairobi nitakwenda, na jezi nitaivaa ile ile.