Guta la umeme na rivasi: muuzaji aliiita mbwembwe, mimi imenilaza na hasara

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Ukienda kuulizia guta la umeme, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, hapa Dodoma watakueleza habari za betri, watakutajia umbali linaokwenda kwa chaji moja, watakuambia utasahau sheli. Hayo yako kwenye makaratasi yao, kasome mwenyewe. Mimi nataka tuongelee rivasi peke yake, kile kiswichi cha kidole gumba pale kwenye usukani kinachokurudisha nyuma.

Kazi yangu ni kusambaza mboga na matunda. Napakia Soko Kuu la Job Ndugai kule Nzuguni, nashushia magenge na mama lishe wa Majengo, Chang'ombe hadi Nkuhungu. Anayeijua Majengo asubuhi anaelewa ninachosema: vitunguu vimemwagwa chini huku, mikokoteni kule, kirikuu imepaki palipobaki, na wewe katikati na matenga ya nyanya mgongoni. Kuingia unaingia. Kutoka ndiyo shughuli, maana hakuna pa kugeuzia. Unarudi kinyumenyume mpaka barabarani, kila siku, hata mara kadhaa kwa siku.

Siku hiyo, ilikuwa kipindi kile cha upepo na vumbi, nikabanwa kichochoroni na fuso la vitunguu lililokuja mbele yangu. Nikabonyeza rivasi. Kimya. Nikabonyeza tena, nikazima ufunguo, nikawasha. Nikivuta mafuta, yaani ule mkono wa moto, guta linataka kwenda mbele kwa nguvu zake zote, linataka kuingia chini ya fuso. Nyuma halitaki. Tingo akateremka na kupiga kelele, "Mama, toa hilo jeneza lako!" Watu wakaanza kucheka. Nikaita vijana wa kusukuma. Sasa jaribuni kulisukuma kinyumenyume guta lenye betri tano za asidi chini na matenga juu, kwenye mchanga, huku gurudumu la mbele linakwepa kushoto na kulia. Tenga mbili zikaanguka. Nyanya za watu zikakanyagwa nikiziangalia. Nikawalipa vijana, nikamlipa mwenye nyanya, nikaondoka sina kitu.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Lililonichoma ni dukani nilikonunua.

Kijana wa pale hakuinuka hata kwenye kiti. Nimesimama na vumbi langu, nimemwamkia vizuri, nimemweleza. Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Mama, rivasi ni mbwembwe tu. Kwani nyumbani huna mwanaume wa kukusukumia?" Nawaapia, nilihisi kichwa kinapasuka. Chombo nimenunua kwa jasho langu, namlisha mama yangu nacho, halafu mtoto aliyechukua pesa yangu taslimu ananiuliza habari za mwanaume! Nilipomkumbusha waranti akasema haihusu swichi. Nilipomwambia basi atazame tatizo ni nini, akasema bila kugusa hata waya: mota imechoka, na kontrola, kile kisanduku kinachoigawia mota umeme, imekufa, ninunue vyote vipya. Bei aliyonitajia ningeongeza kidogo nikapata pikipiki iliyotumika.

Hapa naomba wanaotumia vyombo hivi wanisikilize, maana wengi wanaliwa pesa kwa maneno hayohayo. Guta la petroli lina gia ya rivasi kwa sababu injini yake huzunguka upande mmoja tu, kwa hiyo lazima meno ya gia yageuze mwendo. La kwangu halina meno hayo. Mota ya umeme inaweza kuzunguka pande zote mbili. Kontrola ndiyo inayolisha zile nyaya tatu nene za mota kwa zamu, na ikigeuza mpangilio wa zamu, mota inarudi nyuma. Kile kiswichi cha kidoleni kinapeleka ishara tu, kwa vijiwaya viwili vyembamba: sasa geuza. Basi mota inayokuvuta na mzigo kutoka Nzuguni mpaka Nkuhungu imechokaje? Itachoka ikienda nyuma tu, mbele iwe nzima? Na kontrola inayoilisha mota hiyohiyo imekufaje? Mtu anayeuza vyombo hivi kila siku hawezi kukosa kujua hili. Na kama kweli hajui, auze viatu.

Nikaenda kwa kijana mmoja anayetengeneza bajaji Chang'ombe, hana hata banda, ana mwavuli na boksi la spana. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, hebu kata usukani wote kushoto ubonyeze." Guta likarudi. "Haya, kata kulia." Likafa. Hakuhitaji zaidi. Akafungua pale shingoni panapojikunja usukani, akanionesha waya umesagwa na chuma mpaka umebaki uzi. Akaukata, akaunga mwingine wenye urefu wa kutosha kujikunja, akauvalisha mpira. Akafungua na swichi yenyewe, ndani vumbi jekundu limejaa, akaipangusa. Pesa aliyonitoza sitaitaja, wasije wakamwona mjinga akapandisha, lakini haikufika bei ya tenga moja ya nyanya.

Tangu siku hiyo rivasi inafanya kazi, na nikiwa na hasira zangu hizi lazima niseme: sirudi kwenye chombo kisicho nayo. Nilikaa siku kadhaa bila rivasi nikasubiri zamu ya fundi, na ndipo nilipojua inabeba nusu ya kazi yangu. Nilikuwa nazunguka njia ndefu ili nisiingie vichochoro. Wateja wangu wawili wa ndani kabisa niliwaambia wanifuate barabarani, mmoja akahamia kwa msambazaji mwingine. Kule Nkuhungu mvua zikikata barabara, ukakuta korongo lililokuwa halipo jana, bila rivasi unakaa hapohapo mpaka Mungu alete watu. Ukiwa nayo unarudi taratibu kwenye alama za matairi yako, unachagua njia nyingine. Hata mchangani, kabla hujazama, unarudi kidogo, unakwenda mbele kidogo, unatoka. Na inatii vizuri kuliko guta la petroli, halina ule mshtuko wa klachi.

Ila isifiwe kwa kiasi. Chombo hakina sauti, na nyuma nimejaza matenga mpaka juu, saitimira hazioni kitu cha katikati. Mtoto akiwa amechuchumaa nyuma hasikii kinachokuja. La kwangu lina kengele ya kurudi nyuma, tena inaongea Kichina kama yale malori, hakuna anayeielewa lakini watu wanakimbia, na hiyo ndiyo kazi yake. Sasa wapo madereva wanaoikata kwa sababu inawapigia kelele. Ndugu zangu, hapana. Kama umekata kengele, usirudi nyuma mpaka mtu asimame akuangalizie. Jambo lingine, simamisha kabisa kabla ya kubonyeza. Wapo wanaobonyeza chombo kikiwa bado kinaserereka mbele, wanaitesa kontrola na difu la ekseli ya nyuma bure, halafu ndiyo yule wa dukani anapata la kusema.

Na aliyelitengeneza naye simwachi. Swichi ya chombo cha mizigo imewekwa wazi kama swichi ya taa ya sebuleni! Hakuna mpira wa kuzuia vumbi, waya umevutwa mkavu shingoni ambako kila kona unasagwa. Vumbi la Dodoma kila mtu analijua, wanaotuletea vyombo hapa wanalijua pia.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mnunue au msinunue, wiki ile ningesema msiguse. Leo mdogo wangu anatafuta la kwake apeleke maji ya chupa Mtumba, na nimemwambia achukue guta la aina hiihii, lenye rivasi na kengele yake. Lakini pale dukani asikanyage. Na popote atakapokwenda, kabla hajatoa hata shilingi, apande mwenyewe, akate usukani kushoto mpaka mwisho arudi nyuma, akate kulia mpaka mwisho arudi nyuma, afanye hivyo na mzigo juu. Muuzaji akikataa, au akianza kumuuliza kama ana mwanaume nyumbani, ashuke aondoke na pesa yake.