Ofisi ya kuratibu upandikizaji wa uboho, Ganjoni: mashauri mazuri, ufuatiliaji dhaifu

Mpwa wangu mwenye selimundu alipelekwa India kupandikizwa uboho kupitia ofisi moja ya Ganjoni inayowaunganisha wagonjwa wa Mombasa na hospitali za huko.

Mashauri yao ya kabla ya safari ni ya kusifiwa. Muuguzi aliyetupokea, mama mtu mzima asiye na haraka, hakutaja bei mpaka alipokwisha kutuchorea kwenye karatasi jinsi kila mtoto anavyorithi nusu ya alama za HLA, yaani zile ambazo kinga ya mwili hutambulia seli zake na za kigeni, kwa baba na nusu kwa mama, hata ikawa ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne tu ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Dada yake mtoto alilingana, na ingawa amebeba kinasaba cha selimundu pasipo kuugua, tulielezwa kuwa hilo halimzuii kuchangia. Aidha, muuguzi hakutuficha kwamba dawa kali za kuondoa uboho wa zamani zinaweza kumnyima mtoto uzazi baadaye, wala kwamba seli za mchangiaji huweza kuushambulia mwili wa mpokeaji. Ajabu ni kuwa kipeperushi chao chenye rangi za kupendeza hakitaji lolote kati ya hayo.

Ofisi haitozi ada, kwa kuwa hulipwa na hospitali inayompokea mgonjwa, kwa hiyo msione haya kuomba makadirio kwingine. Sisi hatukutajiwa hata Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Kasoro kubwa ilijitokeza tuliporudi. Damu ya kupima kiwango cha siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili baada ya upandikizaji, hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, lakini wao walitupangia miadi ya saa nane mchana, na tulipolalamika wakatupangia saa ileile tena. Ratiba ya kurudia chanjo za utotoni, ambazo kinga yake hupotea baada ya upandikizaji, hawakuwa nayo. Orodha ya vyakula vya kuepuka nayo ilinakiliwa kutoka India neno kwa neno, isitaje viazi karai vya barabarani wala juisi ya miwa.

Nawapa nyota tatu. Atakayewatumia atafute mapema daktari wa damu hapa Mombasa, na aiombe hospitali ya India muhtasari kamili wa matibabu kabla ya kupanda ndege.