Trekta dogo la mtumba: uzoefu wangu Pemba

Eka tatu zetu, za ule mgao wa baada ya Mapinduzi, ziko upande wa Wete. Juu kilimani muhogo na migomba, chini bondeni mpunga. Kila mwaka tulikodi trekta kubwa, na kila mwaka likitufikia masika yameshakolea, bonde limejaa maji, trekta linazama. Mwaka jana nikanunua dogo langu la Kijapani, magurudumu yote manne yanavuta, na rotaveta yake nyuma, yaani visu vinavyozunguka kuvuruga udongo. Shilingi milioni 11 nikiwa Unguja, nauli ya kulivusha hadi Mkoani mbali.

Ukitafuta madogo ya mtumba utakutana na Kubota, Yanmar, Iseki. Usihangaike sana na jina, angalia hali.

La kwanza nililoonyeshwa lilikuwa linameta rangi mpya. Nikagusa injini: ya moto. Wameliwasha kabla sijafika. Rangi imepita hadi juu ya boliti na mipira ya haidroliki. Nikaaga. La pili nililiendea alfajiri bila kumwarifu mwenyewe saa ya kuja. Likawaka likiwa baridi, moshi ukatoka kidogo ukakatika. Nikanyanyua rotaveta, nikazima injini, nikakaa robo saa nikiitazama. Haikushuka, basi haidroliki yake nzima. Mita ya saa, ile inayohesabu saa injini ilizofanya kazi, sikuiamini, maana hufa na kubadilishwa. Nilitazama pedali zimelika kiasi gani.

Nilipokosea ni ekseli ya mbele. Mengi ya matrekta haya yamefanya kazi kwenye majaruba ya mpunga huko Japani, ekseli imeishi ndani ya tope. Wiki ya tatu gurudumu la kushoto likaanza kulia. Fundi akafungua boliti ya chini: yakatoka maji kwanza, halafu oili nyeupe pe, nzito kama tui la kwanza. Sili, zile pete za mpira za kuzuia maji yasiingie, zimekwisha, beringi imeshika kutu. Laki sita zikaondoka, na siku 19 za kusubiri vipuri huku mvua za vuli zinapita. Laiti ningeilegeza boliti ile moja kabla sijatoa pesa! Ni kazi ya dakika mbili na spana. Mwenye kuuza akikataa, nenda zako.

Tangu litengenezwe linanifaa kweli. Nusu eka ya bonde naimaliza kabla ya adhuhuri, udongo unatoka laini, wa kupanda. Kwa wembamba wake linapita baina ya migomba bila kuigusa. Kwenye mikarafuu nakaa mbali, mizizi yake iko juu juu.

Jambo moja linanitia hofu: halina chuma cha kumkinga dereva likipinduka, na vilima vyetu mnavijua. Mwanangu nimemwambia asilipandishe kule juu kisimani hata kama mimi sipo. Sehemu ile tunalima kwa jembe, kama zamani.