Ramani ya Mafunjo kwa Laki Nane na Nusu

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na sasa ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, ya mwalo mmoja upande wa Magu, si mbali na pale Mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Wenzetu wa mialo mingine wameanza kunipigia simu: "Mwalimu, ile ramani ya mafunjo mlilipa kiasi gani? Inafaa?" Nimechoka kurudia maelezo, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja. Tulilipa 850,000. Inafaa, ila kuna mambo ya kumbana fundi kabla hamjatoa hata shilingi.

Mwaka juzi tulikuwa tumeshaumwa na nyoka. Ofisi moja ya mjini, yenye kiyoyozi na kadi za kung'aa, ilitutoza 300,000 ikatupa karatasi kubwa ya kijani. Nikaitandaza juu ya meza ya ofisi ya kijiji. Majaruba ya shemeji yangu, yeye na mpunga wake, yameandikwa ardhi oevu ya asili. Mbele ya mwalo, pale tunapofunga mitumbwi, wamechora mafunjo. Mafunjo gani? Nikauliza picha ilipigwa lini, wakasema Machi. Basi nikaelewa. Machi mpunga umesimama kijani, na siku hiyo upepo ulikuwa umelisukuma gugu maji hadi ufukweni. Ukitazama kutoka juu, kijani ni kijani tu. Walichukua picha moja ya setelaiti, wakaipaka rangi, wakachapa.

Huyu fundi wa pili, wa zile 850,000, ni kijana anayefanya kazi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Feni moja, na yenyewe inalia. Nikamwambia habari ya ile ofisi, naye akanijibu: "Mwalimu, picha zenyewe ni za bure. Mimi unanilipa nizigombanishe."

Na kweli ni za bure. Setelaiti za Sentinel-2 za Ulaya zinapita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi, na kila kijiraba, yaani mraba mdogo kabisa wa picha, ni mita 10 kwa 10. Landsat ya Marekani inaona kwa mita 30, lakini kumbukumbu zake zinaanzia 1972 na tangu 2008 hazilipiwi. Tatizo la zote mbili ni wingu. Masika, wakati mafunjo yamejaa maji na wewe ndipo unapotaka kuyaona, zinakuletea picha za pamba. Hapo kijana analeta Sentinel-1, setelaiti nyingine ya Ulaya, ambayo haitegemei mwanga wa jua. Inatuma mawimbi ya rada na kusikiliza yanavyorudi, usiku au mchana, wingu liwepo lisiwepo.

Sehemu hii nilimwomba anieleze mara mbili, maana ni hesabu nzuri. Wimbi likigonga ziwa lililotulia, linateleza na kwenda zake, kwa hiyo maji matupu yanatoka meusi. Likiingia kwenye mafunjo yaliyosimama majini, linagonga maji, linarukia mashina, halafu linarudi lilikotoka kwa nguvu, kama mpira uliorushwa kwenye kona ya darasa. Mahali hapo panang'aa. Ila wimbi la Sentinel-1 ni fupi, sentimita 5 na nusu hivi, na penye msitu mzito wa mafunjo linaishia juu kwenye miavuli ya vichwa vyake, maji ya chini halifiki. Kwa hiyo aliongeza picha za rada ya Wajapani yenye wimbi la sentimita 24 hivi, ambalo linapenya zaidi. Na upepo ukivuma, ziwa lenye mawimbi linaweza nalo kung'aa likakudanganya.

Kila chanzo kinadanganya kwa namna yake, na hazidanganyi mahali pamoja. Jaruba Januari ni maji, Machi ni kijani, Juni limevunwa limebaki mabua. Mafunjo ni yale yale mwaka mzima. Gugu maji leo liko kwetu, wiki ijayo upepo umelipeleka kwa majirani. Kijana alipanga picha za mwaka mzima kwa tarehe, za rangi na za rada, na kila kijiraba kikalazimika kujieleza. Majaruba ya shemeji yangu yakarudi kuwa majaruba. Mwenyewe alikuja ofisini kuhakikisha.

Halafu ikaja siku ya kukagua, na hapa ndipo pesa yetu ilipofanya kazi. Kijana alishuka kwenye haisi amevaa raba nyeupe. Tulimpa mtumbwi na mzee wetu mmoja anayevua kamongo kwenye mafunjo hayo tangu kabla sijaanza kushika chaki. Tulitembelea vituo 40 tulivyovichagua kwa kura, si vile alivyopenda yeye, na hilo nililisisitiza mimi. Kwenye 6 ramani ilikuwa imekosea. Kituo cha kumi na kitu ilisema ni nchi kavu yenye matete. Kijana akaruka nje ya mtumbwi kwenda kupima.

"Mjukuu wangu," mzee akasema, akiwa bado ameshika kasia, "hapo si nchi, hapo ni godoro."

Alizama hadi paja. Lilikuwa zulia la mafunjo linaloelea. Tulimvuta, raba moja ikabaki. Sifa yake ni kwamba jioni hiyo hiyo, miguu ikiwa imeganda tope, alifungua kompyuta akarekebisha, na makosa yote 6 ameyaandika pembeni mwa ramani kila mtu ayaone. Ile ofisi ya kiyoyozi haikuandika hata tarehe ya picha.

Sasa lile tulilolitakia ramani hasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa. Kwa Landsat, mita 60 ni vijiraba viwili, na kimojawapo mara nyingi ni nusu maji nusu nyasi. Kwa Sentinel-2 ni vijiraba sita, angalau unaweza kubishana kwa adabu. Lakini mita 60 kuanzia wapi? Mei 2020 ziwa lilipanda likapita hata rekodi ya 1964, na vibanda vyetu vya kuanikia dagaa vikawa ndani ya maji. Kijana alituchorea mistari mitatu: ukingo wa kiangazi, ukingo wa masika ya kawaida, na ukingo wa Mei 2020, ambao aliupata kwenye rada kwa sababu ya mawingu ya mwezi ule. Kati ya mstari wa kwanza na wa tatu, upande wa tambarare, kuna mashamba ya watu zaidi ya ishirini. Mkutano wa kijiji ulianza saa nne asubuhi ukaahirishwa saa kumi. Hilo silimlaumu fundi, ila mjue kabla ya kununua: ramani nzuri itawaletea ugomvi ambao ramani mbovu ilikuwa imeuficha.

Ya kulaumu yapo. Alichelewa wiki tatu. Kwenye karatasi, rangi ya mafunjo na ya mpunga zinakaribiana mno, na wazee wenye mtoto wa jicho hawaoni tofauti. Nilimrudishia achape upya kwa gharama yake. Mwinuko wa ardhi aliutoa kwenye vipimo vya mwaka 2000 vilivyofanywa na chombo cha anga cha Marekani, ambavyo penye mafunjo ya mita 4 vinapima zaidi vichwa vyake kuliko tope. Alikiri mwenyewe, lakini baada ya kuulizwa. Na ile sehemu ya kulinganisha na miaka ya 80 ni dhaifu: picha za Landsat za wakati huo kwa huku kwetu ni za kuokoteza, mwaka mmoja zipo, mingine hazipo. Angetuambia mapema tusingeilipia.

Nampa 78 kati ya 100. Zile 22 zimekwenda kwenye rangi, wiki tatu na miaka ya 80.

Mkimwendea, ombeni tarehe za picha zote kwa maandishi, vituo vya kukagua mvichague ninyi, na mumlipe nusu ya mwisho baada ya kushuka kwenye mtumbwi. Sisi tumemwita tena Mei, tuone mafunjo yamesogea wapi. Nimeshamtumia ujumbe aje na gambuti.