Wiki nane za kusoma tamaa ya makuu, Mji wa Kale: uzoefu wangu

Nililipa shilingi 3,500 kuhudhuria darasa la usomaji la wiki nane, lililofanyika kila Jumamosi saa kumi alasiri katika chumba cha ghorofani, Mji wa Kale wa Mombasa, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu. Mada ilikuwa faida na hasara za tamaa ya makuu kama zinavyojitokeza katika fasihi. Sikuvutwa na fasihi peke yake. Katika ofisi ya uwakala wa forodha ninakofanya kazi, nafasi ya msimamizi ilikuwa wazi, na aliyekuwa akiikaimu ni rafiki yangu. Nilitaka kujua kama kuitamani kwangu kulikuwa ari au uroho.

Tulianza na Macbeth, tamthilia ya Shakespeare kuhusu jemadari anayemuua mfalme wake ili atawale yeye, na kipindi hicho sikukifurahia sana, kwa kuwa mwalimu alitumia nusu ya muda kutueleza mambo ambayo kila aliyesoma sekondari anayajua. Kilichonishughulisha ni neno lenyewe. Mara tunaposema "tamaa", mshtakiwa ameshahukumiwa kabla ya kusikilizwa, maana lugha yetu ina "tamaa mbele, mauti nyuma" tayari mdomoni. Hata hivyo, Waswahili hao hao ndio waliosema "mgaagaa na upwa hali wali mkavu", na huyo anayegaagaa ufukweni naye ana jambo analolitaka. Nilitarajia mwalimu angeikamata tofauti hiyo na kuijenga kwa wiki zote nane, lakini aliigusa tu na kupita.

Kipindi cha nne ndicho kilichonilipa fedha zangu. Tulisoma utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, na beti zilisomwa na bibi mmoja mwenye asili ya Lamu aliyekuwa mwanafunzi kama sisi, kwa sababu mwalimu alikwama katika maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, na akawa muungwana wa kukiri hivyo. Bibi alivua miwani, akasoma kwa sauti ya kuimba mpaka penye mtoto wa Liyongo, ambaye mfalme wa Pate amemwahidi uwaziri na binti yake amuoe, akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo aliamka na jeraha lake, akachukua upinde, akaenda kupiga goti karibu na kisima, akafa katika hali hiyo huku mshale ukiwa umetegwa, na watu wakaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Mtoto naye hakupata uwaziri wala mke. Bibi alirudisha miwani usoni, akaniangalia mimi niliyekuwa karibu naye, akasema: "Mwanangu, kuuza ni kuuza, lakini huyu aliuza kwa ahadi."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba Duncan, mfalme anayeuawa na Macbeth, naye alichomwa akiwa amelala. Nikasimama darasani nikadai kwamba tamaa mbaya hujulikana kwa kuvizia usingizi wa mwenzako. Nadharia yangu haikudumu hata dakika tano. Kijana mmoja wa chuo alinikumbusha kwamba Kaizari, mtawala wa Roma katika tamthilia nyingine ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere alituletea kwa Kiswahili, aliuawa mchana, mbele ya watu, na Brutus, mmoja wa waliomuua, ambaye hakukitaka kiti cha utawala kwa ajili yake mwenyewe, alitaja tamaa ya Kaizari kuwa ndiyo sababu. Kumbe tamaa ya mtu inaweza pia kuwa kisingizio mikononi mwa wengine.

Upande wa faida ulikuwa dhaifu, na hili ndilo lalamiko langu kubwa, kwa sababu ulitangazwa sawa na hasara ilhali ulipewa kipindi kimoja tu, cha Okonkwo, mhusika mkuu wa riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart. Kipindi chenyewe kilikuwa kizuri. Okonkwo, mtoto wa baba mwenye madeni, anakwenda kwa tajiri Nwakibie na chungu cha pombe na jogoo, anaomba mbegu za viazi vikuu mbele ya wazee waliokaa hapo, na anapewa 800 kwa makubaliano kwamba yeye atabaki na theluthi moja ya mavuno. Anaomba hadharani, kisha analima. Kwamba ari hiyo hiyo, ikichanganyika na woga wa kuonekana dhaifu, ndiyo itakayomfanya baadaye amkate kwa panga Ikemefuna, mtoto aliyemwita baba, tulilizungumza tukiwa tumeshasimama kwenda zetu.

Kasoro nyingine ni za kawaida. Nakala za fotokopi zilikuwa hafifu kiasi kwamba beti nyingine tulizikisia. Mimi ninayevuka kwa feri kutoka Likoni nilichelewa mara mbili na hakuna aliyenipa muhtasari. Na kipindi cha nane kiliunganishwa na cha saba bila kupunguziwa ada. Ningelipa tena, lakini ningeuliza kwanza vipindi ni vingapi hasa.

Barua yangu ya maombi niliiwasilisha Jumatatu iliyofuata. Jumapili yake nilikuwa nimekwenda kwa rafiki yangu Changamwe, nikamsomea kabla ya kuitia katika bahasha. Alinyamaza kidogo, kisha akanisahihishia tarehe.